Chakula cha jeli: Namna ya kuwalisha samaki wa tangini kwa mazao ya ziwani

MTU anayefuga samaki wa mapambo mjini Kisumu anaishi hatua chache kutoka ziwa lenye karibu kila kitu ambacho samaki hula. Hata hivyo, wafugaji wengi hutegemea vidonge vikavu vilivyotengenezwa ng'ambo, ambavyo hufika madukani baada ya safari ndefu na hukaa rafuni kwa muda usiojulikana. Vidonge hivyo ni rahisi kutumia na vingi vimeandaliwa kwa ustadi. Kasoro ni kwamba mkebe ukishafunguliwa katika joto na unyevunyevu wa ufuo wa Ziwa Victoria, mafuta yaliyomo huchacha na vitamini, hasa vitamini C, hupungua upesi.

Ipo njia nyingine, nayo ni kutayarisha chakula cha jeli nyumbani. Hiki ni chakula chenye maji mengi ambacho viungo vyake vimesagwa, vikachanganywa na kugandishwa kwa jelatini au kwa unga wa mwani uitwao agari, kisha kikakatwa vipande vidogo. Makala haya yanaeleza jinsi kinavyotengenezwa kwa vyakula vinavyopatikana katika masoko ya Kisumu, Homa Bay, Mbita, Siaya na kwingineko ufuoni. Yanaeleza pia jambo ambalo wafugaji wengi hulipuuza: kwamba chakula hakimshibishi samaki tu, bali hulijenga umbo lake.

Jeli ina faida gani?

Chakula cha unga au cha vipande vilivyosagwa kikitiwa majini hutawanyika. Sehemu ndogo huliwa, sehemu kubwa huzama kati ya changarawe na kuoza. Uozo huo hutoa amonia, ambayo huyaunguza mashavu ya samaki na, ikizidi, huwaua. Matangi mengi hufa kwa wingi wa chakula kuliko kwa uhaba wake.

Jeli huvifunga viungo pamoja. Kipande kilichotiwa tangini hubaki kimoja huku samaki wakikimega, na kilichosalia huweza kutolewa kizima kwa wavu mdogo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula hicho ni maji, hakivimbi tumboni kama vidonge vikavu. Aidha, mfugaji anaweza kuchanganya humo vitamini, mboga au dawa iliyoamriwa na mtaalamu, akijua kwamba samaki ataimeza pamoja na chakula badala ya kuachwa ielee majini.

Wanasayansi waliitambua faida hii zamani. Katika miaka ya 1950, mtafiti John Halver wa Marekani aliwalisha samaki wa jamii ya samoni mchanganyiko wa kaseini, yaani protini ya maziwa, na jelatini, huku akiondoa vitamini moja baada ya nyingine ili aone ni ipi iliyohitajika. Kwa njia ya namna hiyo ilibainika kwamba samaki wengi, kama binadamu, hawawezi kujitengenezea vitamini C, na wakiikosa uti wa mgongo wao hupinda.

Kila samaki na chakula chake

Kabla ya kuwasha jiko, mfugaji hana budi kujua anamlisha nani. Samaki wa dhahabu, gapi na wengineo wanaouzwa madukani hula karibu kila kitu. Samaki wa Ziwa Victoria wana uchaguzi zaidi.

Miongoni mwao, wanaostahili kutajwa kwanza ni wale wadogo wenye rangi za kupendeza ambao Waluo huwaita fulu, na Watanzania furu. Wataalamu wamekadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za samaki hawa. Walifanana kwa ukubwa na kwa umbo la jumla, lakini waligawana vyakula kama mafundi wanavyogawana kazi. Wapo waliokwangua ukoga mawemawe, waliochuja vijidudu vinavyoelea majini, waliofukua viluwiluwi vya nzi wa ziwani matopeni, waliovunja konokono, na hata waliokula mayai na vifaranga vya samaki wenzao.

Mbuta, samaki mkubwa anayeitwa sangara nchini Tanzania, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliongezeka kwa ghafla, na fulu wakapungua kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Uchafuzi wa maji na uvuvi mkali vilizidisha hasara hiyo. Watafiti walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi yake zilionekana tena kuanzia miaka ya 1990, wakati mbuta walipovuliwa kwa wingi, lakini nyingi hazijaonekana hadi leo.

Baadhi ya fulu waliokolewa kwa kuwekwa matangini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, walipeleka samaki hai Ulaya, na katika miaka ya 1990 hifadhi za samaki za Marekani ziliandaa mpango wa kuwazalisha. Hivyo, kwa samaki wa aina hizo, tangi la kioo si pambo la sebuleni. Ni makao yao ya mwisho, na anayewalisha ndiye anayeamua iwapo wataendelea kuwapo na watakuwa samaki wa namna gani.

Funzo la taya

Miongoni mwa samaki wa Ziwa Victoria yuko mmoja anayeitwa kitaalamu Astatoreochromis alluaudi. Chakula chake kikuu ziwani ni konokono. Ndani ya koo lake mna jozi ya pili ya taya, zenye mifupa minene na meno mapana kama magego, ambazo hulisaga gamba la konokono kama jiwe la kusagia.

Kwa kuwa konokono wa majini ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, samaki huyu alifanyiwa majaribio katika mabwawa ya magharibi mwa Kenya kwa matumaini kwamba angeupunguza ugonjwa huo. Matokeo hayakudumu kama ilivyotarajiwa.

Sababu mojawapo ilidokezwa na kazi ya Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyewahi kufanya utafiti katika kituo cha uvuvi cha Jinja, Uganda. Katika maandishi aliyochapisha mwaka 1965, alionyesha kwamba samaki wa spishi hiyo waliokuzwa tangini kwa chakula laini walikuwa na taya za koo nyembamba na meno madogo kuliko ndugu zao waliokula konokono ziwani. Damu ilikuwa ile ile, kilichotofautiana ni mlo. Samaki asiyezoezwa kuvunja gamba tangu utotoni hakujengeka kwa kazi hiyo.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na msemo huu unamfaa samaki pia. Jeli ni chakula laini. Mfugaji anayeitumia pekee, mwaka baada ya mwaka, kwa samaki aliyeumbiwa kuvunja vitu vigumu, atakuwa anamlea samaki mwingine bila kujua. Kwa hiyo jeli ifaayo ni ile inayokaribia mlo wa asili wa samaki husika kwa viungo na, inapowezekana, kwa ugumu pia.

Viungo vinavyopatikana ufuoni

Omena. Huyu ndiye msingi wa jeli ya samaki wanaokula nyama. Samaki huyu mdogo, ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, huuzwa akiwa mkavu katika masoko kama Kibuye mjini Kisumu na karibu kila ufuo. Ana protini nyingi na, kwa kuwa husagwa mzima, hutoa pia madini ya mifupa na virutubishi vya matumbo. Chagua omena walioanikwa juu ya vichanja au nyavu badala ya mchangani. Wawe wakavu, wenye rangi ya fedha, wasionuka uvundo na wasio na ukungu. Serikali ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kati ya Aprili na Julai ili wazaane, na bei hupanda wakati huo. Ni busara kununua akiba mapema.

Ochong'a. Hawa ni uduvi wadogo wa maji baridi wanaovuliwa pamoja na omena na mara nyingi huuzwa kama chakula cha kuku. Magamba yao yana rangi asilia ambayo samaki huihamishia kwenye ngozi na mapezi, hivyo husaidia wekundu na umanjano kukolea. Magamba hayo pia huipa jeli ukwaruzo kidogo unaofaa taya.

Mboga. Sukuma wiki, mchicha, majani ya kunde na karoti zinafaa. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kinaweza kuchukua nafasi ya karoti. Mboga zichemshwe kidogo ili nyuzi zake zilainike.

Mayai na soya. Yai huongeza mafuta na vitamini na kusaidia mchanganyiko kushikana. Unga wa soya ni protini ya bei nafuu, ila usitumiwe mbichi. Soya mbichi ina kemikali zinazozuia umeng'enyaji wa protini, na joto ndilo linaloziharibu.

Spirulina. Huu ni unga wa viumbe vidogo vya kijani vya jamii inayomea katika maziwa ya magadi kama Nakuru na Bogoria, ambako ni chakula cha heroe. Huuzwa katika maduka ya vyakula vya afya. Kiasi kidogo kinatosha.

Jelatini au agari?

Vigandishaji hivi viwili hupatikana katika maduka makubwa na yale yanayouza vifaa vya kuokea keki, lakini havina tabia moja.

Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Yenyewe ni protini, hivyo huongeza lishe. Udhaifu wake ni kwamba huanza kuyeyuka joto likifika kati ya nyuzi 30 na 35 za Selsiasi. Mchana wa Kisumu hufikia nyuzi 30 mara kwa mara, na kipande kilichosahaulika mezani huweza kugeuka uji. Kwa kuwa baadhi ya jelatini hutengenezwa kwa nguruwe, jamaa za Kiislamu hupendelea kusoma maandishi ya pakiti kabla ya kuinunua.

Agari hutokana na mwani mwekundu wa baharini. Huhitaji kuchemshwa hadi itokote ili iyeyuke, huganda ikipoa hadi nyuzi kati ya 32 na 40, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka joto likaribie nyuzi 85. Kwa hali ya hewa ya ufuo wa ziwa hiyo ndiyo bora. Haina lishe ya kutajika, lakini kiasi kidogo hushika maji mengi. Isichanganywe na mwani unaolimwa Zanzibar na katika kaunti ya Kwale, kama kule Kibuyuni. Huo hutoa kigandishaji cha aina nyingine kiitwacho karajini.

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba papai na nanasi mbichi zina vimeng'enya vinavyovunja protini. Zikitiwa katika jelatini bila kupikwa, haitaganda hata ukingoja hadi kesho.

Vipimo vya jeli ya msingi

Vipimo vifuatavyo hutoa jeli ya takriban kilo moja, inayowafaa fulu wanaokula wadudu na samaki wengine wanaopendelea nyama:

- Omena wakavu, gramu 100
- Ochong'a wakavu, gramu 30
- Sukuma wiki au mchicha, gramu 150
- Karoti au kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, gramu 100
- Yai moja
- Maji, mililita 600
- Unga wa agari, gramu 15 (au jelatini, gramu 60)
- Kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 500

Vyombo vinavyohitajika ni sufuria, mwiko, mashine ya kusaga au kinu, mizani ya jikoni na sinia pana lisilo na kina. Chumvi, mafuta ya kupikia, vitunguu na viungo vya pilau havina nafasi katika chakula hiki.

Utaratibu

Kwanza, chambua omena na ochong'a uondoe mawe na takataka, kisha uwasuuze kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu. Mchanga ukibaki chini ya bakuli, suuza tena.

Pili, chemsha omena, ochong'a na karoti katika maji uliyopima kwa muda usiopungua dakika 10. Hatua hii isirukwe. Omena ni wa kundi moja na samaki aina ya kapu, na wengi wa kundi hilo wakiwa wabichi huwa na kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Samaki anayelishwa chakula cha namna hiyo kwa muda mrefu hudhoofika, hupoteza mwelekeo na kufa. Joto hukiharibu kimeng'enya hicho. Usimwage mchuzi, kwa maana ndani yake mna virutubishi vilivyoyeyuka.

Tatu, tia mboga za majani na uziache zichemke kwa dakika mbili. Epua na uache vipoe kiasi.

Nne, saga vyote pamoja na yai hadi upate uji laini. Kwa vifaranga au samaki wadogo kama gapi, chuja uji huo.

Tano, ukiwa bado umepoa, nyunyizia unga wa agari juu yake huku ukikoroga ili usifanye madonge. Rudisha sufuria jikoni, koroga bila kuacha, na uji ukitokota uache uendelee kwa dakika tatu. Ukitumia jelatini, utaratibu ni tofauti: pasha uji kwanza hadi yai liive, epua, kisha utie jelatini iliyolowekwa kando katika sehemu ndogo ya maji baridi kwa dakika 10. Jelatini haipaswi kuchemshwa, kwa sababu nguvu yake ya kuganda hupungua.

Sita, ngoja mchanganyiko upoe hadi joto la nyuzi 50 hivi, yaani bado wa moto lakini hautoi mvuke mwingi. Ponda kidonge cha vitamini C, ukitie na kukoroga upesi. Kikitiwa mapema, joto litaiharibu sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Kikichelewa, agari itakuwa imeshaganda.

Saba, mimina katika sinia kwa unene wa sentimita moja. Agari huganda baada ya muda mfupi hata nje ya friji. Jelatini huhitaji saa kadhaa ndani ya friji. Jeli nzuri hukatika kwa kisu bila kuacha uji, na kipande chake hakiyeyuki kikitiwa katika bilauri ya maji kwa nusu saa. Ikiwa kinameguka, ongeza agari gramu tatu katika pishi lijalo.

Kwa samaki wanaokula mimea

Fulu wanaokwangua ukoga na samaki wa jamii ya ngege hawahitaji nyama nyingi. Matumbo yao ni marefu na yameumbwa kwa mimea. Kwao, punguza omena hadi gramu 40, ongeza mboga za majani hadi gramu 300, na utie unga wa soya uliopikwa gramu 40 na spirulina gramu 10. Maji yabaki mililita 500, kwa sababu mboga zenyewe zina maji.

Ngege wa asili, aliyepewa jina la kitaalamu la Oreochromis esculentus mwaka 1928, karibu atoweke kabisa katika ziwa kuu, lakini ameendelea kuishi katika Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, pembezoni mwa kinamasi cha Yala. Chakula chake cha asili ni vijimea vidogo mno vinavyoelea majini. Kumlisha samaki kama huyo nyama tupu ni kumnenepesha ini.

Kwa wavunjao konokono, ongeza gramu 50 za ochong'a waliopondwa bila kusagwa laini pamoja na maganda ya mayai yaliyochemshwa na kutwangwa, na mara kwa mara uwape konokono wazima. Hapa tahadhari inahitajika. Usiingie ziwani wala mtaroni kwa miguu mitupu kuokota konokono, wala usiwashike kwa mikono mitupu, kwa sababu vimelea vya kichocho hupenya ngozi. Walio salama ni wale wanaozaana wenyewe katika tangi lililokaa muda mrefu bila kuongezwa konokono wa nje.

Kuhifadhi

Ndani ya friji jeli hudumu siku tatu hadi nne. Katika friza hudumu miezi miwili au mitatu ikiwa imekatwa vipande, ikatandazwa katika mifuko bapa isiyo na hewa na kuandikwa tarehe. Ikiyeyuka hutoa maji kidogo, nayo si kasoro. Umeme ukikatika kwa saa nyingi na vipande vikalainika vyote, tumia vya siku hiyo na utupe vinavyosalia. Usivigandishe mara ya pili.

Asiye na friji hajanyimwa njia. Anaweza kusaga viungo vikavu, yaani omena waliochemshwa na kuanikwa tena, ochong'a, majani yaliyokaushwa kivulini na soya iliyokaangwa, kisha akauhifadhi unga huo katika mkebe mkavu unaofungwa vizuri. Kila baada ya siku moja huchukua gramu 30 za unga, maji mililita 90 na agari gramu moja na nusu, akachemsha na kugandisha kiasi cha kutosha siku hiyo. Njia hii hupunguza hasara.

Unga huo ukaguliwe kila wiki. Ukungu unaoota katika nafaka, njugu na mashudu yenye unyevu huzalisha sumu ya aflatoksini. Wakenya wanaikumbuka sumu hiyo kwa msiba wa mwaka 2004, ilipoua watu 125 mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Samaki nao hawasazwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki aina ya trauti waliofugwa Marekani walipata saratani ya ini, na chanzo kikapatikana katika mashudu ya pamba yenye sumu hiyo. Chakula kisichofaa binadamu kwa sababu ya ukungu hakifai samaki pia. Kisiingizwe jikoni hata kama ni cha bure.

Namna ya kulisha

Toa kipande ndani ya friji dakika chache kabla ya kulisha. Tia kiasi ambacho samaki watakimaliza ndani ya dakika tano hadi 10, mara moja au mbili kwa siku. Kipande kikubwa kinaweza kubanwa kwenye jiwe ili wanaokwangua wakikwangue kama wafanyavyo ziwani. Baada ya nusu saa, ondoa mabaki yote. Siku moja kwa wiki bila chakula haiwadhuru samaki wazima.

Samaki waliozoea vidonge huweza kuisusa jeli siku za mwanzo. Punguza vidonge taratibu badala ya kuviondoa vyote kwa pamoja. Fulu jike anayeatamia mayai kinywani hatakula kwa takriban wiki mbili hadi tatu. Huo si ugonjwa, na kumwongezea chakula kutachafua maji tu. Vifaranga vyake vikitoka, vikunie jeli iliyogandishwa kwa kikunio cha nazi au cha karoti ili vipate chembe ndogo.

Jeli isiwe chakula pekee. Vidonge bora, viluwiluwi vya mbu vilivyotolewa katika chombo safi, na mboga nzima vikipishana nayo, samaki hupata ukamilifu wa mlo na taya zake hupata kazi.

Mpaka usiovukwa

Anayetaka kufuga samaki wa ziwa hana ruhusa ya kujichotea apendavyo. Uvuvi na biashara ya samaki wa mapambo nchini Kenya husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Ni vyema kwanza kupata ushauri katika ofisi ya uvuvi ya kaunti.

Lililo zito zaidi ni hili: samaki wa tangini asirudishwe ziwani, hata akiwa amezaliwa na wazazi waliotoka humo. Anaweza kubeba magonjwa, na anaweza kuzaana na jamaa zake wa karibu hata spishi mbili zikachanganyika kuwa moja. Mbuta aliingizwa ziwani na watu waliodhani wanatenda jema. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake, ulisambaa hadi ukaziba ufuo wa Kisumu katika miaka ya 1990. Maji yanayotolewa tangini yamwagwe bustanini, ambako ni mbolea, wala yasielekezwe mtaroni.

Katika miaka ya 1970, fulu walikuwa wengi kiasi kwamba mjini Mwanza palijengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo. Waliohesabiwa malighafi ya chakula ndio leo wanaohitaji kutayarishiwa chakula kwa gramu na kwa nyuzi za joto. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ni miongoni mwa mahali ambapo wanafunzi wameonyeshwa samaki wa ziwa wakiwa hai nyuma ya kioo. Wengi wao walikuwa wamewaona samaki hao sokoni tu.

Mfugaji wa nyumbani mwenye tangi moja na sinia la jeli hawezi kuzirejesha spishi 200. Anachoweza ni kumlea samaki aliye naye akue kama alivyoumbwa kukua, akiwa na rangi zake, uti ulionyooka na taya zenye nguvu. Kwa hilo anahitaji omena safi, mboga, kipimo sahihi na subira ya kungoja uji ufike nyuzi 50 kabla ya kutia kidonge cha vitamini.